Nati ya Arobaini na Mbili

Kra-kra. Kimya. Kra-kra-kra. Kisha kimya kirefu, na mtu akashusha pumzi.

Alfajiri ilikuwa bado giza, na sauti hiyo ilipenya ukuta mwembamba wa chumba cha kupanga ikamwamsha mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Maneno. Jina hilo alilipata kwa haki. Hakuna aliyewahi kumwona ameshika spana, lakini maneno aliyatengeneza vizuri mno, na yakiharibika aliyatengeneza tena. Alikwisha kuwauzia watu dawa ya kuongeza umri wa betri, na kumuuzia mtu mmoja mwenye tamaa kiwanja ambacho mvua zikinyesha kilikuwa mto. Wizi hakuupenda. Wizi, alisema, ni kazi ya watu wasiojaliwa sauti nzuri.

Akaketi kitandani, akasikiliza. Vyuma vidogo vilikuwa vikigongana ndani ya chuma kikubwa. Aliwahi kuishi jirani na gereji, akaijua sauti ile: mtu anatingisha tangi la pikipiki lenye nati ndani, ili zikwangue kutu. Na upande wa pili wa ukuta aliishi Bibi Mkunga, mwenye pikipiki ya zamani iliyofunikwa turubai barazani.

Wiki iliyopita tu, muuza vitu vya kale alimweleza kwamba anayo pikipiki ya aina ileile, imekamilika yote isipokuwa tangi. Akimpata mtu wa kumletea tangi lenyewe, na rangi yake ya kwanza, mtu huyo hatajuta. Fundi Maneno akavuta shuka hadi kidevuni, akatabasamu gizani. Ni watu wachache wanaoletewa kazi kabla hawajavaa viatu.

Jua lilipochomoza alikuwa uani kwa jirani, ndani ya koti la kijivu la kifundi ambalo halijawahi kuona grisi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuamsha?"

Akasema hapana, mafundi huamka mapema, ndivyo walivyoumbwa.

Bibi Mkunga alikuwa ameketi kwenye kigoda, tangi limelala mapajani kama mtoto aliyekataa kulala kitandani. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vimefungwa vitambaa. Kwa miaka thelathini na minane alipanda pikipiki ile nyumba hadi nyumba kupokea watoto wa wenzake, na nusu ya vichwa vya mtaa ule vilipita viganjani mwake kabla ya kuota nywele na kiburi. Sasa mjukuu wake alikuwa muuguzi, na Jumatatu angeanza kazi katika zahanati ya mbali ambako hakuna basi linalofika. Injini mjukuu aliifungua na kuifunga mwenyewe. Lililobaki ni tangi. Ndani lilikuwa na kutu iliyoganda kama uji ulioungua, mikono ya bibi iligoma, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Hayo yote alimweleza Fundi Maneno bila kuulizwa. Fundi akachuchumaa, akaligonga tangi mara mbili kwa kidole, akaweka sikio.

"Mapigo yapo?" bibi akauliza.

"Yapo kwa mbali." Akatikisa kichwa kwa majonzi. "Bibi, huyu ni mgonjwa wa kulazwa. Nitakwenda naye karakana kwangu, kuna dawa yake maalumu. Jumapili ninakurudishia mzima. Wala sitaki malipo, sisi ni majirani."

Ujirani huo alikuwa amepanga kuumaliza Jumamosi. Alikuwa na desturi ya kuhama mtaa kabla mtaa haujamhamisha.

Bibi Mkunga akamtazama, taratibu, kwa macho yaliyozoea kusubiri. Akamshukuru. Akamwombea na mama yake aliyemzaa, jambo lililomfanya Fundi ajikune shingo. Kisha akasema achukue tu, ila ndani mna nati alizoazima kwa muuza vyuma, nazo ni arobaini na mbili. Azitoe kwanza, zisije zikapotelea huko karakana.

Jambo dogo. Fundi Maneno akalipindua tangi juu ya beseni, akalitingisha. Nati zikaanguka, na bibi akazihesabu kwa ncha ya kidole bila haraka. Zilikuwa arobaini na moja.

Akatingisha tena. Akalilaza ubavu, akalisimamisha, akaingiza waya mdomoni mwake. Hakuna kilichotoka ila vumbi jekundu, ambalo lilimwingia puani.

"Labda kutu imeishika," bibi akasema. "Mimi sijui mambo haya, lakini nasikia watu hutia siki ikalainisha. Wewe fundi wasemaje?"

"Siki," Fundi akakubali. "Nilikuwa nakaribia kuisema."

"Na hizi nyingine zirudi ndani, ziigonge hiyo moja mpaka ing'oke?"

"Hapo umenena kifundi, bibi."

Na siki ilikuwepo tayari jikoni, chupa sita. Fundi hakujiuliza ni kwa nini bibi asiyejua mambo haya alikuwa na siki ya kutosha kuogea. Watu wanaoishi kwa kudanganya hawana muda wa kushuku wenzao.

Akaziba tundu la koki, petroli inakotokea, kwa mpira, kama alivyokumbushwa. Kabla ya kuanza akavua koti lake jipya akalizungushia tangi lote, maana rangi ikichubuka muuza vitu vya kale angenuna. Kisha akatingisha. Alitingisha akiwa amesimama, akatingisha akiwa ameketi, akalala chali na kutingisha akiwa ameliweka kifuani. Saa za mchana akauliza kama hawezi kumlipa muuza vyuma hiyo nati moja, yaishe.

"Kitu cha watu ni cha watu, mwanangu. Wewe mwenyewe unajua." Fundi alijua, kwa kusikia. "Tena ikibaki ndani itaziba koki, mtoto azimikiwe njiani peke yake. Utalala?"

Angelala vizuri tu, lakini sura aliyoivaa asubuhi ile ilikuwa ya mtu asiyeweza kulala, ikambidi aendelee kuivaa.

Ijumaa walimwaga siki. Ilitoka nyekundu na nzito kama matope ya barabara. Wakahesabu, arobaini na moja. Bibi akasema amesikia pia kwamba siki ikibaki hula chuma, na watu husuuza kwa maji ya magadi. Je, ni kweli? Fundi akasema ni kweli, tena yawe ya vuguvugu, na akajisikia fahari kuongeza hilo la vuguvugu. Wakatia magadi. Akatingisha mpaka majirani wakaacha kushangaa wakaanza kupita bila kugeuza shingo. Arobaini na moja. Wakarudia siki mpya. Ile nati moja ilikuwa mbishi kuliko mdai yeyote aliyewahi kumkimbia.

Jioni mikono yake ilikuwa ikitetemeka hata kikombe kikacheza ngoma kwenye kisahani. Bibi Mkunga akapasha mafuta kidogo, akamkanda vifundo kimoja baada ya kingine, huku akimsimulia mwanamke aliyeshikwa na uchungu siku tatu. Fundi alisikiliza kwa huruma ya mwenzake.

"Koti lako limeharibika," bibi akasema. "Nimekuona jana ukilivika tangi. Hakuna aliyekutuma."

Fundi akafungua mdomo amweleze kwamba alikuwa akilinda bei. Ukweli ukafika mpaka kwenye meno, ukarudi. Haukuwa umezoea njia hiyo.

Jumamosi asubuhi alipitia kwanza kwa muuza vyuma. Akachagua nati moja, saizi ileile, akaificha ndani ya mkono wa shati. Mpango ulikuwa rahisi: atatingisha kidogo, nati itaanguka, bibi atafurahi, na tangi litaondoka. Alishangaa kwa nini hakufikiri hivyo tangu Alhamisi, akajijibu kwamba ni uchovu.

Akatingisha. Mkono wa shati ukafanya kazi yake. *Ting*, kwenye beseni.

"Imekubali," akasema kwa sauti ya mtu aliyepona homa.

Bibi Mkunga akainama. Beseni lilikuwa limejaa nati nyeusi zilizosinyaa kwa siki, na katikati yake moja iling'aa kama jino la dhahabu. Akaiokota. Akaisugua kwa kidole gumba, akainusa, akaigeuza upande wa pili.

"Mwanangu," akasema, "nimepokea watoto miaka thelathini na minane. Kilichotoka tumboni nakijua. Hiki kimetoka dukani."

Fundi Maneno akatafuta neno. Alikuwa nayo mengi, aliyapanga tangu ujana, mengine hata hajawahi kuyatumia. Halikuja hata moja.

"Sasa," akasema mwishowe, "ile ya arobaini na mbili iko wapi?"

"Hesabu yangu siku hizi si nzuri." Bibi akaitia ile mpya kwenye mfuko wa kanga yake. "Huenda nilitia arobaini na moja."

Fundi akachungulia mdomo wa tangi. Ndani palikuwa peupe kama sufuria ya bibi harusi. Siku tatu alikuwa ametumikia nati isiyozaliwa, bila ujira, kwa imani kubwa kuliko aliyowahi kuipata kwa mteja wake yeyote. Akafikiria kulikwapua tangi akimbie. Mikono ikamjulisha kwamba haitashiriki.

Mjukuu akafika mchana na begi lake. Akamsalimia Fundi kwa heshima zote, akamulika ndani ya tangi kwa tochi, kisha akamwambia hata yeye asingeweza kazi kama hiyo. Akazungusha ndani petroli kidogo iliyochanganywa na oili ili kutu isirudi, akaliweka mahali pake, akakaza. Teke la kwanza, kimya. La pili, kikohozi. La tatu pikipiki ikanguruma, na Bibi Mkunga akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akageukia ukutani.

Simu ya Fundi ikaita. Muuza vitu vya kale alitaka kujua tangi limefikia wapi.

"Limeoza," Fundi akasema, akiitazama rangi yake ikimeta juani. "Limetoboka kila mahali. Tafuta lingine." Katika uongo wote wa wiki ile, huo ndio pekee uliomfaa mtu, ingawa aliusema kwa sababu nyingine. Angewezaje kumweleza mtu mzima kwamba ameshindwa na bibi mwenye mikono mibovu?

Mjukuu akatoka barabarani kujaribu breki. Mlio ukaenda ukipungua mpaka ukapotelea kwenye kona, na ua ukabaki na utulivu ambao bibi aliusikiliza huku amesimama, kana kwamba anapima ukubwa wake.

"Jumatatu anaondoka," akasema. "Nyumba itakuwa na mimi na saa ya ukutani." Akamtazama Fundi aliyekuwa akijaribu kujikuna pua kwa bega, mikono ikiwa bado imegoma. "Njoo tena unitembelee, mwanangu. Usihangaike kubisha hodi. Mlango huu ukiusukuma kwa goti hufunguka."