Ndimu za Anuar na Uvimbe wa Bi Saadiya

Anuar alikwenda kituo cha kilimo cha Kizimbani kupeleka soda kwenye semina, akarudi daktari. Huko mtafiti mmoja, Thuwaiba, alieleza kuwa baadhi ya mimea, ndimu ikiwemo, ina viini vinavyolala gizani. Vikipigwa na mwanga fulani huamka, huing'ang'ania DNA ya seli za uvimbe na kuiharibu mpaka seli zinakufa.

"Hayo ni ya maabara, kwa mwanga wa kupimwa," aliongeza. "Mtu asijaribu nyumbani."

Anuar hakuyasikia hayo. Alishatoka kutafuta ndimu.

Wiki ile ile chumba chake cha Mlandege kikapata koti jeupe, chupa za maji ya ndimu na taa ya zambarau ya kukaushia rangi ya kucha. Mteja wa kwanza akawa Mbarouk, tajiri wa maduka matatu, bahili wa kunyima hata salamu. Mkewe, Bi Saadiya, alikuwa na uvimbe kwenye titi, na hospitali ilishasema akapasuliwe Dar es Salaam, upesi. Mbarouk alipiga hesabu ya safari, akaona heri taa ya kucha.

"Uvimbe utayeyuka kama samli," Anuar aliapa, macho kwenye bahasha nene ya Mbarouk.

Bi Saadiya, aliyetengeneza achari ya ndimu na kuianika juani miaka thelathini, alinusa chupa, akaguna. "Daktari, nnaogopa. Jipake wewe kwanza, ukae juani, nikuone."

"Lakini taa ndiyo..."

"Kwani jua si mwanga?"

Mbarouk, mpenzi wa vya bure, akairudisha bahasha mfukoni. "Jipake."

Anuar akajipaka mpaka viwikoni, akakaa juani saa nzima akitabasamu kama maiti aliyelipwa. Ngozi haikuonyesha kitu, akapewa bahasha yake, tiba ya Bi Saadiya ianze kesho.

Siku ya pili mikono ilivimba malengelenge mfano wa maandazi. Akakimbilia Michenzani kwa Bi Saadiya, Mbarouk akiwa dukani.

"Shikamoo Bi, nnakufa! DNA yangu inakatika!"

"Marahaba, mwanangu. Dawa ipo, ya bibi yangu. Ila ghali: bahasha ile ile."

Anuar akaitoa papo hapo. Akapewa kopo la mafuta ya nazi na amri ya kukaa gizani siku arobaini.

Boti ya asubuhi ikamchukua Bi Saadiya na bahasha yake. Dar es Salaam wakamtoa uvimbe, na daktari, wa kweli huyu, akasema amewahi.

Mbarouk alipofika Mlandege kudai pesa zake, alikuta madirisha yamezibwa kwa magazeti. Akawasha tochi ya simu, akachungulia tundu la ufunguo.

"Fungua, tapeli wee!"

"Zima hiyo!" sauti ikalia ndani. "Unataka kuniua?"