Nani Anakula Intaneti Yangu?

Jumatatu, 4 Machi

Intaneti inatambaa. Nimefungua ukurasa mmoja, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi: picha ya mtu imefika puani, kidevu bado kiko njiani. Na Alhamisi nina usaili kwa video! Kampuni ya bima. Mwaka mzima sina kazi, na mke wangu ameanza kunitambulisha kwa wageni kama mlinzi wa sofa.

Kuna mtu anaila. Nyumbani tuko wanne: mimi, mke wangu, mama yake, na mdogo wake wa kiume, shemeji, aliyekuja kwa siku mbili tangu Januari. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ukimpa jembe atatafuta kwanza kwenye simu linashikwaje. Anacheka peke yake na hiyo simu. Mtu asiye na hatia hacheki peke yake.

Jumanne, 5 Machi

Nimebadilisha nenosiri la waifai kwa simu yangu, bafuni, maji yakimwagika ili nisisikike. Mezani nikatangaza kuwa mtandao umekufa mtaa mzima. Mama mkwe akanipa pole. Kwa upole mno! Mke akasema halimhusu mdogo wake, tangu afike anatumia bando lake. Nani alimuuliza? Mbona jibu lilikuwa tayari limeiva?

La ajabu: wote nimewafungia nje, na laptopu bado inatambaa. Hata nenosiri jipya haikuniuliza. Angalau yenyewe inaniamini.

Jumatano, 6 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimenunua waya. Umeanzia kwenye ruta sebuleni, ukatoka dirishani, ukakatiza roshani, ukaingia chumbani hadi kwenye laptopu. Mbio! Kidevu na pua vinafika pamoja. Waifai ya laptopu sikuizima. Mwenye akili huacha mlango wa nyuma.

Mke akauliza huo waya unakwenda wapi. Nikamjibu: kazini. Akaguna. Lile halikuwa guno la bure.

Alhamisi, 7 Machi

Koti, tai, na kaptura, kwa kuwa chini hawaoni. Wasaili watatu, mkuu wao mama wa makamo mwenye miwani. Swali la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, wakaganda, vinywa wazi kama samaki sokoni.

Nikatazama dirishani. Mashuka! Mama mkwe kaanika juu ya waya wangu, uzito umeuchomoa kwenye ruta.

"Shikamoo mama. Nani kakutuma?"

"Marahaba. Anitume wapi? Nimeanika. Ila kamba yako imelegea, mkwe wangu."

"Kamba ziko tele huko nyuma. Kwa nini hii? Kwa nini leo? Na shati hilo la nani? Mwenye mikono mirefu hivyo hayumo humu ndani."

"Lako, baba. Limevutika kwa kufuliwa."

"Limevutika lini? Ulikuwepo?"

Shemeji akaingia kwa kelele zangu. Akatazama kioo, akabonyeza mahali, akatikisa kichwa.

"Shemeji, waya ukichomoka laptopu inakimbilia waifai iliyoizoea. Hii imezoea ya kinyozi wa ghorofa ya chini, ile ya wateja. Ya hapa nyumbani haijaishika hata mara moja wiki hii."

Akachagua ya nyumbani. Ikaomba nenosiri. Nikamwamuru ageukie ukuta. Akageuka, huku akicheka.

Wasaili wakarudi kwa kasi. Kumbe picha tu ndiyo iliganda. Sauti yangu yote ilikuwa inawafikia. Mkuu akavua miwani, akaifuta, akasema watanipigia.

Basi mwizi ni kinyozi! Ameivuta laptopu yangu kupitia sakafu. Mtu anayekijua kisogo changu kuliko mimi mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine kina mkasi.

Ijumaa, 8 Machi

Wamepiga. Nimepata kazi! Kitengo cha kuchunguza madai ya uongo. Mkuu anasema wasailiwa wote walijibu vizuri, lakini hakuna aliyewahi kumbana mkwewe kuhusu shati.

Nyumba nzima shangwe. Mke kalia. Mama mkwe kanikumbatia, eti alijua tu. Alijuaje? Shemeji kanishika mkono kwa mikono miwili.

Furaha yote hii ya nini? Nimetulia, nikafikiri. Kazi ni ya ofisini, asubuhi hadi jioni. Watabaki wao watatu na ruta. Nani alianika mashuka? Nani alitokea chumbani kwa wakati wake, kama kaitwa? Wamenitafutia kazi ili nitoke!

Sawa. Jumatatu naripoti. Na ruta naondoka nayo. Nimeshapima: inaenea kwenye begi.