Mtandao Unaovuja

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Nimejiingiza mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma.

Tulikuwa mezani, familia nzima. Mdogo wake mke wangu anahitimu Jumamosi huko ng'ambo, uhandisi wa mawasiliano, na mahafali yataonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Bibi yao, aliyemlea tangu hajaota meno, hawezi kusafiri. Macho yake nayo yamechoka. Kwenye simu haoni kitu ila mwanga. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama ipo namna yoyote ya yeye kumwona mtoto wake akipanda jukwaani na joho.

Daktari wa Meno akafungua mdomo. Huyu ni mwanyumba wangu, kaoa dada mkubwa wa mke wangu, na sijawahi kumshinda kwa lolote, hata karata. Nikaona anataka kujitolea. Nikamwahi! Nikasema Bibi aniachie mimi. Atamwona kwenye televisheni yetu kubwa, kutoka kwenye simu yangu, bila waya hata mmoja. Nyusi za mtoto atazihesabu.

Bibi akanishika mkono, akaniita mume wake. Mke wangu akatazama dari.

Daktari wa Meno akafuta miwani yake, akasema yeye angetumia waya. Nikamjibu waya ni wa kuanikia nguo. Watu wakacheka. Pointi moja kwangu.

Sijawahi kurusha picha kutoka kwenye simu kwenda popote. Lakini nauza mabomba na koki, na mtandao na maji ni kitu kimoja. Kinatoka huku, kinafika kule. Kuna nini hapo?

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Jaribio la kwanza. Simu ikaiona televisheni, televisheni ikaiona simu. Wakapendana. Nikarusha video ya bwana mmoja anayefundisha kukata vigae. Safi kabisa! Mpaka alipoinua nyundo. Akabaki hivyohivyo, nyundo juu, mdomo wazi, kile kiduara kinamzunguka usoni. Kisha kioo kikawa cheusi.

Nikarudia. Akainua nyundo. Akaganda. Nikarudia tena. Sasa namjua bwana huyu kuliko ndugu zangu, lakini kigae chake sijakiona kikikatwa.

Uchunguzi wa kitaalamu: presha ndogo. Na presha ikiwa ndogo, kuna mahali panavuja. Kila mteja namwambia hivyo, na huwa wananiamini.

Hapavuji kwenye ruta, hilo nina hakika nalo. Ruta nimeilinda mwenyewe. Imo chumba cha nyuma, ndani ya kabati la chuma la faili, droo ya chini, kwa kufuli. Nyaya zake zinapita kwenye tundu nililolitoboa kwa mkono wangu. Chuma kitupu pande zote, hata mbu haingii. Niliiweka humo baada ya kumwona Jirani wa Masharubu amekaa upenuni kwake, karibu na ukuta wetu, anacheka na simu. Mtu hacheki vile kwa mtandao wake mwenyewe.

Kwa hiyo si ruta. Mshukiwa wa kwanza ni maikrowevu.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Maikrowevu nimeichomoa. Mke wangu amekula chakula cha baridi bila kusema neno. Afadhali angesema. Picha imeganda vilevile.

Nikachomoa friji. Picha ikaganda. Nikasahau kuirudisha friji. Maziwa yameharibika, na lile neno ambalo mke wangu hakulisema asubuhi amelisema jioni, pamoja na mengine.

Nikafikiri labda ni miili ya watu, inaziba njia. Nikampanga mke wangu kwenye kona, mgongo ukutani, mikono chini. Mimi nikalala sakafuni kifudifudi. Yule bwana akaanza kuteremsha nyundo! Nikaruka kwa furaha. Akaganda. Somo la leo: nisifurahi.

Mke wangu akasema basi tumpigie mdogo wake, si ndiye anayehitimu mambo hayohayo? Nikakataa katakata. Nilipomwoa dada yake mtoto huyu hakujua kufunga kamba za viatu. Nilimfungia mimi! Leo nimpigie simu nimwambie shemeji yako ameshindwa na televisheni? Nikamwambia mke wangu tusimsumbue, mtoto ana joho la kupiga pasi.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Wazo kubwa limenijia nikiwa dukani, nikimfungia mteja koki. Utepe! Ule mweupe tunaozungushia viungo vya mabomba visivuje. Nikatia mmoja mfukoni na kuwahi nyumbani wakati wa chakula cha mchana.

Nikawasha video sebuleni, nikamwacha mke wangu pale aangalie. Nikaenda chumba cha nyuma, nikafungua kufuli, nikavuta droo, nikaanza kuzungushia utepe antena za ruta. Nikiwa bado natafuta mkasi, mke wangu akapaza sauti kwamba yule bwana amekata kigae.

Amekata! Na cha pili anakata!

Utepe umefanya kazi! Karibu nilie. Nikairudisha ruta mahali pake, nikasukuma droo, nikapiga kufuli, nikakimbia sebuleni nikajionee.

Ameganda.

Nimewaza sana juu ya jambo hili. Sababu ni moja tu. Utepe uliziba, presha ikapanda, na Jirani wa Masharubu alipoona presha imepanda akavuta yote. Nikatoka kumkabili, kwa ustaarabu. Nikamuuliza mtandao kwake ukoje. Akanionyesha simu yake. Mistari imejaa pomoni! Akaniambia kama kwangu unasumbua ananipa nenosiri lake, nitumie nipendavyo. Nikamshukuru kwa ubaridi. Mtu anagawaje maji bure kama koki si ya mwenzake?

Nikarudi ndani nikamkuta Daktari wa Meno. Alikuwa anapita tu, eti. Kaacha waya mrefu mweusi juu ya televisheni, wa kuunga simu na televisheni, wa dharura. Kasema yeye anashauri tu. Alipoondoka nikauficha chini ya mto wa kochi na kuukalia.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Bibi amefika na mkoba wake. Amesuka nywele. Gauni la kesho amelitundika mlangoni mwa chumba cha wageni, limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Akaniuliza, mume wangu, na yeye huko ataniona? Nikamwambia hapana Bibi, ni sisi tu tutakaomwona. Akasema si kitu, atavaa tu.

Nikaenda kukaa bafuni. Niliona haya, naandika kama yalivyo. Kikongwe wa watu amesukwa nywele kwa ajili ya maneno niliyoyasema ili kumzima mwanyumba wangu.

Hapo ndipo mtu wa kawaida angetoa waya, akauchomeka mbele ya wote, yakaisha. Nilifika nao mpaka mlangoni. Kisha nikasikia sauti ya Daktari wa Meno kichwani, anashauri tu.

Mpango ni huu. Waya utatumika, ila hautaonekana. Utapita nyuma ya televisheni, chini ya zulia, uishie nyuma ya chombo kikubwa cha maua. Simu gani iwekwe pale? Si yangu. Yangu lazima iwe mkononi, watu waione. Itakaa ya mke wangu. Ina bando lake, na kesho ana wageni, hataikumbuka. Mke wangu akiwa bafuni nikajaribu. Yule bwana amemaliza vigae vyote, ameosha na vyombo vyake vya kazi!

Bila waya, nitasema. Na kweli hawatauona.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Naandika nikiwa jikoni. Sebuleni siendi.

Ilianza vizuri mno. Bibi mbele, na gauni lake. Picha kama dirisha! Wahitimu wamejipanga, hata vifungo unaviona. Bibi akamtambua mtoto wake kwa mwendo tu, kabla hatujamwonyesha. Akasema ndiye yule, anatembea kama marehemu babu yake. Daktari wa Meno akainama kutafuta waya. Nikainua simu yangu juu, nikageuka polepole ili kila mtu aone. Hakuna kitu! Akasema anastaajabu. Neno hilo nimelisubiri miaka.

Akauliza kama picha itahimili nikienda mbali. Ningesema nimechoka. Ningekaa. Nikatoka! Nikafika uani, nasikia wanashangilia, picha ipo. Nikafika getini. Ipo! Kichwa kikavimba. Nikataka kuvuka barabara, lakini kule nisingewasikia. Basi nikafanya jambo la mtu mwangalifu. Nikampigia mke wangu kumuuliza kama picha bado inaonekana.

Nikampigia mke wangu. Kwenye simu yake.

Mlio ukatokea kwenye televisheni, sauti yote. Yaliyofuata nimehadithiwa. Jina la mtoto lilikuwa limeshaitwa, mguu umeshagusa ngazi ya jukwaa. Akatoweka. Badala yake kioo kikajaa jina ambalo mke wangu amenihifadhi nalo simuni, herufi kubwa kama mikate: BWANA NITATENGENEZA. Bibi, ambaye hajasoma kitu tangu macho yachoke, akalisoma lote, silabi kwa silabi, kwa sauti. Kisha akauliza huyo naye anahitimu nini.

Daktari wa Meno akaufuata waya kwa mkono, chini ya zulia, mpaka kwenye maua. Akakata simu. Mimi kule getini nikadhani mtandao umesumbua. Nikapiga tena.

Mke wangu alikuja mbio akaninyang'anya simu mkononi. Tuliporudi ndani mtoto alikuwa ameshashuka. Bibi aliona mgongo wa joho ukienda zake. Alikaa akivuta mkunjo wa gauni lake, akiunyoosha, akiunyoosha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kufuli ipigwe juu yake.

Aliyetuokoa ni mhandisi mwenyewe. Mke wangu alimpigia simu ya video sherehe ilipokwisha, kwa waya uleule, sasa ukiwa juu ya zulia watu wakiuruka. Alipoambiwa, akasema Bibi asubiri. Akatafuta ngazi kwenye korido, akampa simu mwenzake aishike, akalitaja jina lake mwenyewe kwa sauti ya kiongozi wa mahafali, akapanda zile ngazi taratibu, joho limemjaa, akapokea cheti chake kutoka kwa mtu aliyekuwa anapita na ndoo ya kudekia. Bibi akapiga makofi peke yake mpaka tukaungana naye. Akasogea, akamgusa shavu pale kwenye kioo. Akamwambia umekonda, lakini umefika. Nililia. Nikasema ni vumbi la maua.

Kisha mhandisi akataka kujua ilikuwaje picha bila waya inakatika. Mke wangu akamwambia yote, hata maziwa. Akauliza ruta ipo wapi. Nikasema mahali salama. Akauliza wapi. Mke wangu akasema. Yule mtoto alicheka mpaka kofia ikadondoka. Akasema, shemeji jamani, itoe kwenye chuma! Iweke juu, mahali pa wazi, basi!

Wote wakanigeukia. Daktari wa Meno hakushauri kitu. Alifuta miwani tu, kwa muda mrefu.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Siku mpya, mtu mpya. Nimewaomba radhi wote, Bibi wa kwanza. Amesema yamekwisha, ila sasa jina langu ni Bwana Nitatengeneza. Anataka kuongea na mjukuu wake kila Jumapili, kwenye televisheni, na mazungumzo ya kwanza ni leo alasiri kabla hajarudi kwake. Nimekubali. Nimesema itakuwa bila waya. Safari hii kwa haki.

Nikaitoa ruta kabatini. Nikaiweka juu ya rafu ya sebuleni, wazi, kama nilivyoelekezwa. Nikarusha video. Yule bwana akakata vigae kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kupepesa jicho! Mke wangu akanibusu shavuni. Daktari wa Meno alipopita kumsalimu Bibi nikamrudishia waya wake, kwa heshima zote. Nikamwambia hauhitajiki tena katika nyumba hii.

Kisha nikachungulia dirishani. Jirani wa Masharubu yuko upenuni. Ana simu. Anacheka.

Nimefikiri kwa utulivu. Shemeji yangu ni msomi, simdharau, lakini hajawahi kuuza bomba. Ruta ikikaa wazi ni koki iliyoachwa inamwagika. Kabati halikuwa kosa. Kosa lilikuwa lile tundu la nyaya! Nililiacha wazi pembeni, upana wa kidole, na hapo ndipo palipokuwa panavuja siku zote. Nimeirudisha ruta kwenye droo. Tundu nimeliziba kwa silikoni. Kufuli ni mbili sasa.

Bibi ameshakaa mbele, na gauni lilelile. Mhandisi ametokea, anatabasamu, akanisalimu, akauliza ruta iko wapi. Kabla sijajibu akaganda. Mdomo wazi, kidole juu, kama mtu anayetaka kunieleza jambo muhimu. Kiduara kinazunguka. Bibi amegeuka ananitazama. Nimemwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo, nitatengeneza.

Nimechomoa friji.