Ghorofa Tisa Mbele ya Kamba Zangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Balaa! Wanataka kujenga ghorofa tisa za makazi ya wazee kwenye kiwanja cha nyuma ya ua wangu. Tisa! Mimi ni dobi. Jua ndilo mtaji wangu, na jengo hilo litanifunika kuanzia mchana. Shuka zitakauka lini? Zitanuka uvundo. Wateja watahamia kwa yule mwenye mashine pale kona.

Mkutano wa mtaa ni Jumapili. Anayelipigia debe jengo ni Shangazi, mkunga mstaafu, aliyenipokea siku niliyozaliwa na hajaacha kunikumbusha. Anakaa ghorofa ya nne, nyumba ya mkabala, isiyo na lifti. Magoti yamegoma, hajakanyaga chini tangu mwaka jana. Anautawala mtaa kutoka dirishani, na kikapu chake cha kamba kinashuka kuchukua nyanya na umbea. Mwanamke hodari. Lakini sitarudi nyuma.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mbinu ya kwanza: kuwatia wazee hofu. Nimepita kuwapelekea nguo zao, nikamnong'oneza kila mmoja kwamba lifti za majengo kama hilo hukwama katikati na watu hufungiwa humo mpaka jioni. Mwalimu mstaafu akauliza kama ndani kuna pa kukaa. Mjane wa jirani akauliza kama mtu anaruhusiwa kuchagua wa kukwama naye. Jioni nimewakuta wameshapangana nani akwame na nani. Mwalimu anagombewa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mbinu ya pili, na hii ni ya akili. Wakione kivuli kwa macho yao! Nimesimamisha miti mirefu mpakani mwa kiwanja, nikatundika shuka zote za nyumba ya wageni ninayoifulia, ukuta mweupe mtupu. Nikawaita wazee uani saa nane, jua likiwaka. Nilitaka washtuke.

Wakaagiza viti. Mwalimu alivua viatu, akasinzia. Mjane akasema hajapata upepo mtamu hivi tangu joto lianze, akataka kujua kesho nafungua saa ngapi. Mke wangu akawagawia maji, akaniletea na mimi kiti. Shangazi naye akanisifu kutoka dirishani kwa shuka nyeupe pe, kisha akauliza kwa nini nampigia kampeni bure.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mbinu ya tatu ilikuwa kutofanya kitu. Shangazi aliomba nimbebe hadi mkutanoni. Nikajibu mgongo umenishika ghafla. Bila yeye upande wao hauna mdomo. Nikajifungia ndani kulipiga pasi shati la mwenyekiti wa mtaa.

Mara watu wakanyamaza nje. Nikachungulia. Shangazi alikuwa anashuka mwenyewe zile ngazi za nje! Kinyumenyume, mikono miwili kwenye chuma, akipumzika kila ghorofa na kuwasalimia majirani kana kwamba hilo ndilo lililomtoa. Hakuruhusu mtu amshike. Alipofika chini akasimama, akausugua mchanga kwa kandambili, akacheka peke yake. Niliona aibu. Nikaona na fahari kuwa damu yake. Vyote kwa pamoja.

Kisha nikasikia harufu. Shati!

Mwenyekiti aliendesha mkutano na koti limefungwa mpaka shingoni, joto lote lile. Nikasema yangu, kwa kirefu, bila kumtazama Shangazi. Naye akanyanyuka. Nikajua ananimaliza.

"Huyu mtoto wa kaka yangu anataka jua," akasema. "Mimi nataka kutoka nyumbani kwangu nikitazama ninakokwenda. Lisogezeni jengo upande wa barabarani, ua wake ubaki na mwanga. Sote tutapata."

Mchora ramani wa jengo akageuza karatasi, akapima, akasema inawezekana. Mikono yote ikanyanyuka. Wangu ulitangulia.

Nikambeba kumrudisha juu, ghorofa zote nne. Mgongo haukuuma hata kidogo. Wala yeye hakuutaja. Mtu wa aina gani huyu!

Jumanne, tarehe 11 Machi

Jua langu limebaki. Nimetulia kabisa.

Ila nimeitazama ile ramani vizuri. Paa la jengo ni bapa! Jua kutwa, upepo wa bure, na lifti ya kupandishia mabeseni! Wanaopewa nyumba ni wenye miaka sitini na tano kwenda juu. Mimi nina arobaini na minane. Kikwazo kidogo. Nimejipaka unga kichwani uwe mvi, mke wangu akahamishia chai yake chumbani. Tangu jana nachechemea kila mwenyekiti anapopita.

Leo kikapu cha Shangazi kimeshuka mbele ya pua yangu. Ndani, dawa yake ya magoti. Nikainua macho.

"Jana ulikuwa mguu wa kushoto," akasema, akafunga dirisha.

Kumbe yuko upande wangu! Kesho kushoto.