Mje Mkwangue Rangi ya Mke Wangu Mtaa Mzima

Kwa Mkuu wa Idara ya Usafi na Taka.

Bwana Mkuu,

Salamu kwanza, lawama zinafuata. Mimi ni mgane, mkazi wa mtaa ulio nyuma ya ghala la mbao, na nimekuwa mtiifu kwa idara yenu tangu enzi zile gari lenu la taka lilipokuwa likisukumwa.

Nakuandikia kuhusu lile tangazo mlilobandika kwenye nguzo ya umeme, lenye picha ya samaki anayelia. Lilisema rangi ya nyumba iliyobaki isimwagwe mtaroni wala chooni. Iliyoharibika ichanganywe na mchanga hadi ikauke, kisha iletwe kituoni kwenu. Iliyo nzima wapewe majirani. Nimetii. Sasa sikiliza yaliyonipata.

Marehemu mke wangu hakuwahi kutupa kitu. Kila chumba kilipopakwa, mabaki yalikwenda kwenye pipa la plastiki chini ya ngazi: njano ya jikoni, bluu ya sebuleni, pinki ya chumba cha binti yetu. Rangi za maji tu. Za mafuta hakuzichanganya humo, alisema hazisikilizani na wenzao, kama mawifi zake. Alikoroga kwa mwiko mkongwe mpaka ikatoka rangi isiyo na jina. Yeye aliiita chai iliyopoa. Mimi niliiita paka aliyenyeshewa. Hatukuwahi kukubaliana, na nyumba yetu akaipaka hiyo hiyo, tena upande wa barabarani. Nilipouliza kwa nini, alisema, "Wewe huwa unaupita hata mlango wako bila kuuona. Huu hutaupita." Kweli, sikuupita tena.

Baada ya mazishi nikalisoma tangazo, nikalitoa pipa nje. Nilibakisha rangi ya kujaza kikopo kimoja cha jemu, chini ya kitanda, kwa kuwa samaki wenu hakutaja vikopo vidogo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Majirani waliichukua. Wahenga walionya kwamba cha bure ni ghali, lakini wahenga hawakuwahi kuona foleni ile ya ndoo. Alianza fundi cherehani, akafuata kinyozi, akafuata mchomeleaji, hadi muuza mkaa na kibanda chake. Ilipopungua wakaiongeza maji, na ubaya wake haukutetereka hata kidogo. Mtaa mzima sasa ni paka aliyenyeshewa, isipokuwa nyumba ya Fundi Saa, mtu asiyesalimia watu, ambaye alisema mbele ya kadamnasi, "Hiyo si rangi, huo ni ugonjwa. Pita nao!"

2. Kwa sababu hiyo sijui tena kwangu ni wapi. Juzi niliingia kwa fundi cherehani, nikavua viatu, nikaketi, nikalalamika kwamba redio imehamishwa. Mkewe, badala ya kunifukuza, alisema, "Imehamishwa, baba. Kunywa chai kwanza." Nikanywa. Jana nikaingia kwa kinyozi, nikatoka nimenyolewa, na mimi nilikuwa nakwenda kulala. Ninapinga vikali, Bwana Mkuu. Mtu akikosea nyumba anastahili kufukuzwa, la sivyo atajifunza lini?

3. Balaa hili halikuishia kwangu. Msoma mita za umeme alisoma mita yangu, akazunguka, akaisoma tena, akaondoka ameridhika. Mama mkwe wa mchomeleaji alishukia kwangu na masanduku yake. Alifagia, akazisema vibaya sufuria zangu, akaniambia nimekonda. Alipogundua kwamba mimi si mkwewe, alisema maharage yameshachemka, hawezi kuyaacha. Mchomeleaji aliitwa aje kumchukua. Hakuonyesha haraka yoyote.

4. Kinyozi na mchomeleaji walikuwa hawasemezani tangu mmoja amwage maji ya kufulia kwenye kizingiti cha mwenzake. Ulikuwa ugomvi mzuri, uliolelewa kwa jasho. Sasa mchomeleaji katoka kazini amechoka, kaingia kwa kinyozi, kalala kwenye kochi. Utamnunia vipi mtu aliyekwisha kukoroma sebuleni kwako? Wanasalimiana. Idara yenu imeua ugomvi wa miaka, na hakuna hata aliyekuja kutoa pole.

5. Hili ndilo lililonitoa kalamu mfukoni. Nilikuwa nimepanga kuomboleza ndani ya nyumba moja, taratibu, mlango ukiwa umefungwa. Sasa nikitoka tu, mke wangu yule pale: kwenye ukuta wa kinyozi, kwenye kibanda cha mkaa. Msiba wangu umefika kituo cha basi, na abiria wanauegemea.

Kwa hiyo naomba mlete gari na watu wenye vikwangulio na barakoa, maana vumbi la rangi si la kuvutwa. Waikwangue yote, waitie maji, waikoroge, wanirudishie katika pipa lile lile na mfuniko wake. Mwiko ninao.

Nisalimie dereva wa gari la taka, na wale wanaoning'inia nyuma, na karani atakayefungua bahasha hii, na aliyemchora samaki. Mwambieni samaki anyamaze, mtaro wetu ni msafi.

Ni mimi, ambaye hajamwaga hata tone,

Mgane wa Nyuma ya Ghala la Mbao

Nyongeza: Barua ilikuwa imeshafungwa Fundi Saa alipobisha hodi. Alisimama mlangoni akitazama viatu vyake, akasema, "Mzee mwenzangu, kwangu hakuna anayekosea." Nikamwambia rangi imekwisha. Akasema haidhuru, akageuka. Alikuwa hajafika barabarani nilipomwita. Kikopo cha jemu hakikutosha ukuta, kilitosha mlango. Nimeupaka mwenyewe, kwa brashi ya marehemu, na kopo nimelikomba kwa kidole. Chai iliyopoa, alikuwa anasema kweli.

Basi gari lisije. Kama limeshatoka, dereva asihangaike kuuliza nyumba yangu. Aingie yoyote, atapewa maji ya kunywa. Mimi mwenyewe nyongeza hii naiandikia mezani kwa Fundi Saa. Nilikuwa nakwenda kwangu.