Kuhusu Zile Kadi Tano za Mkaza Mwanangu

Ploti ya Geti la Kijani,
Nyuma ya Soko,
Kawangware.

Kwa Sista Ngina,
Msimamizi wa Wodi ya Kujifungulia.

Mpendwa Sista,

Pokea salamu kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukukosea. Mimi ni Nyawira, mjane wa marehemu Thuo, mwenye ploti iliyotajwa hapo juu. Pia ni mama yake Muchiri, na kwa sababu hiyo ni mama mkwe wa Whitney, yule msichana mrefu aliyekuja kliniki yako Jumatano akiwa na mimba ya miezi minane na ushee. Mimi ndiye niliyekuwa kando yake nimemshikia mkoba. Huenda hunikumbuki kwa kuwa hukuniangalia, na hilo ni sehemu ya yaliyonisukuma kuandika.

Nieleze kilichotokea, ili hata mkubwa wako akiisoma barua hii asipotee njiani. Ulitandaza mezani kadi tano zenye picha. Kwenye ya kwanza mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anatembea huku akikandwa mgongo. Ya pili anaoga maji ya moto. Ya tatu amewekewa kitu mdomoni anavuta hewa ya kupunguza maumivu. Ya nne ni sindano ya paja. Ya tano ni sindano ya mgongo, ile ambayo daktari wa usingizi huja kuidunga na mtu hasikii maumivu kuanzia kiunoni kwenda chini. Kisha ukamwambia Whitney, kwa sauti tamu kama ya mtu anayeuza vitambaa: "Chagua mama, mwili ni wako."

Mkaza mwanangu akazipitia zile kadi kama anayechagua nyanya. Akaigusa hii, akairudisha, akaigeuza ile. Mwishowe akashika ya hewa na ya mgongo, akauliza: "Sista, naweza chukua mbili?" Nawe ukacheka, ukamwambia anaweza.

Tangu siku hiyo chakula hakinipandi. Ninayo malalamiko yafuatayo, na nimeyapa nambari ili pasiwe na mtu wa kusema hakuyaona.

1. Sikuulizwa. Kwangu hata mpangaji akitaka kupigilia msumari ukutani huja kuniuliza. Fundi wa rangi aliniletea makopo matatu nichague ya geti. Muchiri, ambaye ana digrii, alinipigia simu kutoka dukani aniulize anunue kochi la rangi gani. Leo mjukuu wangu anatafutiwa njia ya kuja duniani, nimekaa hapo hapo, nimeshika mkoba, na hakuna anayegeuka kusema, "Na mama mkwe anaonaje?" Sidai makuu, Sista. Kama Whitney angeniangalia hata mara moja tu kabla ya kuishika ile kadi, ningeridhika na barua hii isingekuwepo.

2. Mnatuharibia itega. Ikiwa wewe si wa kwetu, itega ni ile siku akina mama wanapokwenda kumwona aliyejifungua, wakiwa na uji, ndizi, kuku na shali ya mtoto. Tukishakula, kila mmoja husimulia alivyozaa. Kwenye kikundi chetu aliyeteseka zaidi hukaa kiti cha karibu na mzazi, na ndiye humpokea mtoto kwanza. Kiti hicho nimekikalia tangu Muchiri azaliwe. Nilishikwa na uchungu Ijumaa jioni, nikajifungua Jumapili watu wakitoka kanisani, na katikati palikuwa na mvua, mkokoteni na mkunga aliyevunjika mguu. Mama Kiragu ana mapacha na anakitamani sana kiti hicho, lakini mapacha wake walikuja asubuhi moja tu, tena kulikuwa na jua.

Sasa tazama. Mwezi uliopita tulikwenda kwa Shiru, aliyejifungulia kwenu kwa ile hewa. Tukanyamaza tumsikilize. Akasema: "Ilikuwa tu sawa. Nilikuwa nachat na dadangu." Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Chai iliisha kabla chapati hazijapoa, na kila mtu akakumbuka kwamba ana kazi nyumbani. Wakizaa hivyo wote, nani atakuja itega? Na wakija, watasimuliana nini, bei ya sukari?

3. Mtoto wa namna hii atalelewa na nini? Mimi nimemlea Muchiri bila baba na bila kiboko. Nilikuwa na sentensi moja: "Nilikuzaa kwa uchungu mimi." Kwa sentensi hiyo alirudia hesabu akapita. Kwa sentensi hiyo aliacha kuvuta sigara na akaninunulia tangi la maji. Imekataa mara moja tu, alipomleta Whitney, nami nilishaamua kumpenda msichana huyo kabla ya chai kumiminwa, ingawa sikumwambia mtu. Sasa huyo Whitney siku mtoto akikataa kwenda shule atamwambiaje? "Nilikuzaa nikivuta hewa"? Mtoto atamcheka, na atakuwa na haki. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mkishauondoa uchungu, nani atajua chochote?

4. Maandiko. Mama yetu Hawa aliambiwa atazaa kwa uchungu, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba atatandaziwa kadi. Nilimweleza Whitney jambo hili kwa upole tukiwa kwake, kwenye fleti za Nyayo Highrise. Akaweka kikombe chini akaniambia, kwa ile lugha yao ambayo mama ni Mathe: "Na Adamu si aliambiwa atakula kwa jasho, Mathe? Muchiri ako kwa ofisi iko na feni, na anakula vizuri tu." Swali hilo nimelipeleka kwa mchungaji, naye amesafiri.

5. Usalama wa nchi. Vyumba vyangu ni vya mtu na watoto wawili. Wapangaji hudhani wanaishia wawili kwa sababu nimeandika hivyo getini. Sivyo, Sista. Ni kwa sababu mwanamke hukumbuka. Kumbukumbu ile mkiifuta kwa sindano, atazaa wa tatu kama anayeongeza chumvi. Wa tatu ataleta wa nne. Maji, ambayo huja Jumanne na Ijumaa, yatakwisha Jumanne. Choo kitajaa. Nitalazimika kujenga ghorofa, na jirani yangu Kiarie, asiyependa kupitwa, atajenga mbili juu ya msingi wa moja. Madarasa yatajaa, kata itagawanywa, na Kawangware itapewa mwakilishi wa pili ilhali huyu mmoja tuliye naye tayari ametutosha. Haya yote yataanzia kwenye meza yako.

6. Amolo. Huyu ni mama yake Whitney, anauza samaki wa kukaanga kule Lindi, Kibera. Nilimfuata nikitarajia mzazi mwenzangu ataniunga mkono, kwa sababu na yeye amezaa sita kavu kavu, na kwenye itega angeweza kunitoa jasho. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza samaki. Kisha akasema: "Mama Muchiri, kwani wewe unataka mtoto ama unataka stori?" Wateja wakacheka. Ninalalamika kuhusu Amolo kwako kwa sababu sijui ofisi nyingine ya kumpeleka, na kwa sababu asingekuwa na ujasiri huo kama wewe usingemwonyesha binti yake kadi.

7. Nambari hii nimeiacha wazi kwa lolote mtakalonifanyia baada ya kuisoma barua.

Mimi si mtu wa kulaumu bila kupendekeza. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kadi zirudi kabatini. Hilo likishindikana, naomba kadi ya sita, yenye picha ya mama mkwe, iwekwe juu ya nyingine zote. Na hilo nalo likishindikana, basi mmpe Whitney alichochagua lakini mumbakishie kidogo. Sisemi siku mbili. Huyu ni mtoto wa watu. Namwombea kama saa moja hivi ya uchungu mzuri, wa kueleweka, ambao mtu anaweza kuusimulia mbele ya Mama Kiragu bila aibu. Mkiweza kumwandikia cheti chenye mhuri kwamba aliupata, nitakilipia fremu.

Tafadhali asijue kwamba ombi hili limetoka kwangu. Kwa sasa ananiita Mathe na ananipikia samaki bila miiba.

Nisalimie wauguzi wote wa zamu, yule dada anayepiga deki na kutukataza kukanyaga, mlinzi wa getini ambaye hukagua mkoba wangu kana kwamba nimekuja kuiba kitanda, na daktari wa usingizi pamoja na wote waliowahi kulala mikononi mwake wakaamka.

Ni mimi katika kuvumilia,

Nyawira wa Thuo

NYONGEZA: Sista, usishangae mwandiko kubadilika. Haya nayaandika kwa mkono wa kushoto, kwenye benchi la koridoni kwako. Nilikuja asubuhi kukuletea barua mwenyewe, kwani neno zito halitumwi. Nikakuta Whitney ameshaletwa, siku zake zimefika kabla ya hesabu yetu. Wewe ulikuwa mkutanoni, Muchiri alikuwa ametumwa duka la dawa, Amolo bado alikuwa njiani kutoka Lindi. Muuguzi wako kijana akatoka akauliza nani ni wa Whitney. Hapakuwa na mwingine. Nikasema ni mimi.

Hakuwa akipiga kelele, na hilo nitalisema kwenye itega. Alinishika mkono wa kulia, midomo imemkauka, jasho linamwingia machoni. Muuguzi akamuuliza kama sasa aletewe ile hewa na daktari aitwe. Whitney hakumjibu. Aliniangalia mimi. Akasema: "Mathe, wewe unaonaje?"

Ndicho nilichokidai katika nambari ya kwanza. Nilikuwa nacho ndani ya mkoba, kimekunjwa na kimetiwa sahihi.

Na mimi, Sista, nilimwangalia mama mkwe wangu hivyo hivyo, ile Jumamosi ya katikati ya uchungu wa Muchiri. Yeye akageuka akaangalia dirishani. Mvua na mkokoteni nimevisimulia miaka yote hii, lakini hicho kipande sijawahi kukigusa, kwa sababu kiliniuma kuliko uchungu wenyewe na bado kinaniuma.

Nikapiga kelele. Mlinzi wa getini alisikia, muulize. Nilisema: "Mpeni! Mpeni zote! Na huyo daktari wa usingizi kama amelala aamshwe!" Muuguzi akaniambia mama tulia, nami nikamwambia nitatulia Whitney akitulia. Hewa ikaletwa. Daktari akaja. Nilimwona mtoto wa watu akilegeza mabega, akalala kidogo, akaamka akaniuliza kama nimekula. Nililia, Sista, na siombi radhi.

Mtoto ni msichana. Amechukua paji la uso la Amolo na sina malalamiko. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo anaitwa Nyawira. Zile kadi zako zitunze vizuri, zisiloe maji wala zisipotee. Iko siku Nyawira atazitaka.

Kwenye itega nitakaa popote penye nafasi. Mama Kiragu akikitaka kiti, akichukue.

Limebaki jambo dogo. Tulipokuwa tukimngoja daktari, Whitney alinibana kidole cha kati mpaka kikalia, nami sikukisikia hadi mtoto alipokuja, na sasa kimevimba, hakikunjiki na kinapwita vibaya sana. Nimevumilia kadiri binadamu anavyoweza, karibu robo saa. Muuguzi wako ameniuliza nachagua nini, vidonge ama sindano. Nimemuuliza kama naweza kuchukua mbili.