Boksi Chini ya Mguu wa Meza

Jumatatu, 3 Juni
Namshukuru Mungu. Nimeteuliwa kocha wa timu ya taifa ya pool! Namshukuru pia kocha aliyetangulia, ambaye mgongo umemkatalia kuinama. Pole yake, heri yangu. Timu ya kwenda mashindano ya ugenini imekamilika, imebaki nafasi moja. Mke wangu kaniuliza, kwa upole ule unaonitisha, kama nimemkumbuka kaka yake. Nimemkumbuka. Shemeji hajui kulenga hata mlango, lakini nyumba nayo ni timu. Tatizo ni Mama Mitumba, muuza nguo wa sokoni, naye anaitaka nafasi hiyo. Mwaka jana alinifunga mezani mbele ya mama mkwe. Mwenyekiti wa chama kasema wapambane hao wawili Jumamosi, mshindi achukue nafasi. Nikionekana kupendelea, ukocha basi.

Jumatano, 5 Juni
Akili ni mali! Nimekunja kipande cha boksi, nikakichomeka chini ya mguu mmoja wa meza ya ukumbini. Sasa mipira yote inavutwa upande wa dirisha. Asiyejua atakosa. Nimejifungia humo na shemeji, nikamfundisha kulenga kando kidogo ya shimo, meza imalizie yenyewe. Habari za boksi sikumwambia. Ana mdomo mwepesi. Hadi jioni alikuwa anatumbukiza mfululizo. Akalia. Akasema tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwamini. Nami machozi yakanilengalenga. Asante, Mungu, kwa kunijalia kipaji cha kufundisha.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu! Ukumbi ulifurika. Shemeji akalenga kando, kwa madaha. Mpira ukaenda kando. Akarudia. Kando tena. Nikachungulia chini ya meza: boksi halipo! Mama Mitumba akatumbukiza mipira yake yote, ule mweusi mwisho, kisha akaniuliza kama mama mkwe hajambo. Nikamvuta shemeji pembeni. Kumbe alfajiri alikuja kunifagilia ukumbi, iwe ndiyo shukrani yake kwangu. Akakuta uchafu chini ya mguu wa meza. Akatupa! Nilitaka kumkaba. Lakini mwenyekiti akasimama, akasema hajawahi kuona kocha aliyekubali shemeji yake ashindwe hadharani, na kwamba kazi ni yangu. Makofi! Shemeji alipiga kuliko wote. Nimeshukuru mpaka sauti imekauka. Nimeapa: hila, basi.

Jumapili, 9 Juni
Nimeamka mwepesi. Mke kaninunia, ila chai kanipa, nashukuru. Mama Mitumba kaniletea shati la safari lenye rangi za timu. Kasema kocha mwadilifu asiende ugenini amechakaa. Limenikaa! Sijawahi kupewa kitu kizuri hivi na mtu niliyemchimbia shimo. Nilimshukuru nikashindwa kumtazama usoni. Mwanamke wa aina hii lazima ashinde huko tuendako, nitahakikisha mwenyewe. Begi nimeshafunga. Juu shati, chini vipande vya boksi. Safari hii nimebeba na gundi.